Bwana Nyama, Bwana Nyoka na Babu Yangu

Wiki hii sina habari za mapenzi wala za nani kamwacha nani. Wiki hii nina kesi na babu yangu, na nataka wewe uwe hakimu.

Ilianza hivi. Niko zangu kijiweni hapa Chikongola, jioni, kikombe cha kahawa mkononi, kashata mdomoni. Mshikaji wangu mmoja, dereva wa bodaboda, akanisogezea simu yake. Tangazo. Nafasi za mafunzo ya uaskari wa wanyamapori. Awe Mtanzania, awe na afya njema, awe amemaliza kidato cha nne na kufaulu. Bwana wee! Kidato cha nne nimemaliza. Afya ninayo. Kufaulu usiniulize sana, lakini cheti kipo na jina ni langu.

"Hii dili, mtu wangu," mshikaji akasema. "Buti, kombati, bunduki, mshahara wa serikali. Utaacha kuandika magazetini kila siku na madeni ya kahawa."

Nikaona kweli. Wewe unayesoma unaona raha, lakini sisi waandishi wa kujitegemea tunalipwa kwa makala. Makala isipotoka, na sisi hatutoki. Nikaenda kwenye duka la kutoa kopi, nikachapisha fomu, nikaja nayo nyumbani kwa mbwembwe kama mtu aliyeshinda bahati nasibu.

Babu alikuwa barazani anamenya ming'oko. Nikampa shikamoo, nikamsomea tangazo lote toka juu mpaka chini. Akaendelea kumenya. Kisha akaniuliza bila kuniangalia:

"Kwa hiyo mjukuu wangu unataka kuwa Bwana Nyama?"

Nikacheka. Nilidhani ananitania. Yeye hakucheka. Akafuta mikono, akasema: "Mimi Bwana Nyama nilimwona kwa macho haya. Kaa chini."

JANGILI APEWA UFUNGUO

Kwa faida ya wale mliozaliwa juzi, Bwana Nyama ndivyo wazee wetu walivyomwita afisa wa idara ya wanyamapori enzi za mkoloni. Na Bwana Nyama wa huku kwetu Kusini, yule ambaye wazee mpaka leo wakimtaja wanashusha sauti, alikuwa Mwingereza mmoja jina lake Constantine John Philip Ionides. Mimi jina hilo nimelikuta vitabuni baada ya maongezi na babu. Babu mwenyewe hajui kulitamka, na wala hana haja.

Huyu jamaa alizaliwa Uingereza mwaka 1901, katika ukoo wenye asili ya Ugiriki. Alisomeshwa Rugby, shule ya watoto wa wakubwa, na hakuipenda hata kidogo. Kutoka hapo akaenda chuo cha kijeshi cha Sandhurst, akatumikia jeshi India, na katikati ya miaka ya 1920 akaletwa Tanganyika kwenye jeshi la KAR, lile ambalo babu zetu walikuwa wakiliita Keya.

Jeshini hakukaa sana. Unajua alitoka kwenda kufanya nini? Ujangili. Ndiyo, umesoma sawasawa. Bwana mkubwa alikuwa anaua tembo kwa magendo na kuuza pembe, na hakuficha, aliandika mwenyewe kwenye kitabu chake cha mwaka 1965. Kisha mwaka 1933 serikali ya Tanganyika ikamwajiri kuwa mlinzi wa wanyama wale wale.

Usishangae. Ni kama kondakta mkorofi aliyepandishwa cheo akawa mkaguzi: ujanja wote wa njiani anaujua, nani atamdanganya?

Wakampanga Kusini, kituo chake kikawa Liwale. Miaka hiyo ofisa wa serikali akiambiwa anahamishiwa Kusini alihesabu kwamba ameadhibiwa. Mvua zikianza, njia hakuna. Daktari mbali, barua zinachelewa, na mbung'o wanakusubiri. Wenzake walikuwa wanahesabu siku za kuondoka. Huyu aliingia na hakutaka kutoka tena. Alikuwa anatembea kwa miguu wiki baada ya wiki, na wapagazi wake na askari wake wa Kiafrika waliojua kusoma nyayo kama wewe unavyosoma ujumbe wa mpenzi wako. Hakuoa. Mavazi hayakumshughulisha. Starehe yake ilikuwa pori, sigara na vitabu.

KAZI YENYEWE

Sasa wewe ukisikia mlinzi wa wanyama, unafikiria mtu mwenye darubini anawaonyesha watalii twiga. Thubutu! Kazi kubwa ya Bwana Nyama miaka hiyo ilikuwa kuua. Tembo akiingia shamba la mahindi, mkulima hana bunduki na mkulima haruhusiwi. Anaitwa Bwana Nyama au askari wake. Katika Tanganyika nzima tembo waliouawa kwa sababu ya kuvamia mashamba walifika maelfu, na Jimbo la Kusini ndilo lililokuwa kitovu cha shughuli hiyo.

Na kulikuwa na simba. Sio simba wa jezi nyekundu, msianze. Simba wanaokula watu. Babu anasema wakati wa mavuno walikuwa wanalala kwenye dungu shambani kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori, na mtoto akitaka kwenda haja usiku anaambiwa avumilie mpaka kuche. Ionides aliwinda simba wala watu wengi katika wilaya za Kusini, na kwa hilo watu walimshukuru kwa dhati.

Kama unadhani hayo ni ya kale, sikia. Utafiti uliochapishwa mwaka 2005 ulihesabu kwamba tangu mwaka 1990 simba walikuwa wameua Watanzania wasiopungua 563 na kujeruhi zaidi ya 300. Maeneo yaliyoumia zaidi ni ya huku huku, kusini mashariki mwa nchi. Miezi mibaya ni ile ya mavuno, Machi mpaka Mei. Sababu ni ile ile aliyoijua babu: nguruwe pori anafuata mazao, simba anafuata nguruwe, na mkulima yuko katikati amelala kwenye kibanda cha nyasi.

Kwa hiyo nikamwambia babu: "Unaona? Kazi nzuri hii. Kulinda watu."

"Sikiliza kwanza," akasema. "Haraka ya nini? Fomu itakimbia?"

PORI LILILOTENGENEZWA

Hapa ndipo hadithi iliponikaa kooni, mpenzi msomaji.

Babu yangu si Mmakonde. Hapa Chikongola wengi wanamdhani Mmakonde kwa sababu alimuoa bibi yetu, na kwa mila za kwao mwanamume ndiye humfuata mke. Lakini yeye ni Mngindo wa upande wa Liwale, na kwao alikozaliwa hakuna tena kijiji. Kuna pori. Na pori hilo lina jina kubwa duniani.

Turudi nyuma kidogo. Mwaka 1905 Vita vya Majimaji vilianzia Nandete kwenye milima ya Umatumbi, na muda si muda moto ukafika Liwale. Wajerumani walipoona risasi hazitoshi wakaamua kutumia njaa. Mashamba yakachomwa, maghala yakachomwa. Mpaka vita vinakwisha mwaka 1907, waliokufa kwa risasi na kwa njaa wanakadiriwa kuwa kati ya 75,000 na 300,000. Mahali palipokuwa na mashamba na watu pakaota vichaka, wanyama wakazidi, na mbung'o nao wakaja.

Wajerumani walikuwa wamekwisha anza kutenga sehemu za hifadhi huko. Waingereza walipochukua nchi wakaendeleza, na mwaka 1922 wakaipa hifadhi jina la Frederick Selous, mwindaji wao maarufu aliyeuawa na risasi ya Wajerumani huko Beho Beho mwezi Januari 1917. Ndiyo Selous unayoisikia.

Lakini hifadhi ilikuwa bado haijafika kwa kina babu. Ilifika miaka ya 1940. Serikali ilisema kuna malale, ule ugonjwa wa usingizi unaoletwa na mbung'o, na kwamba watu waliotawanyika porini lazima wakusanywe wakae pamoja, penye mashamba yaliyofyekwa na karibu na huduma. Malale ilikuwepo kweli, hilo halina ubishi. Lakini wanahistoria waliochimba nyaraka wanaeleza na jambo la pili. Idara ya wanyama ilikuwa inataka hifadhi ipanuke, Ionides mwenyewe aliipigania sana, na ardhi iliyoachwa na watu ikaingizwa ndani ya mipaka. Watu walihamishwa kwa sababu ya ugonjwa, ila hakuna aliyeambiwa kwamba akipona atarudi.

Babu alikuwa mtoto mdogo, wa umri wa kuchunga kuku. Mwaka hajui. "Nakumbuka mbwa," aliniambia. "Mbwa wetu alikataa kuondoka. Baba alimvuta kwa kamba mpaka mtoni, akakata kamba akarudi. Mama akasema mwacheni, atatulindia nyumba, tutamkuta."

Hawakumkuta, kwa sababu hawakurudi.

Niliuliza kijinga: "Sasa babu, mlikataa?"

"Ukatae kwa lugha gani?" akanijibu.

Angalia mambo ya dunia. Miaka hiyo hiyo ya 1940, serikali hiyo hiyo ya Uingereza ilikuja na mpango wake wa karanga. Matrekta yakamwagwa Nachingwea kufyeka pori, ikajengwa reli, ikachimbwa bandari ya kina kirefu, na mji wetu huu wa Mtwara tunaoringia ukapimwa na kupangwa kwa ajili ya karanga. Mwaka 1951 mpango ukafa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 na reli yenyewe ikang'olewa. Kwa hiyo upande mmoja wanafyeka pori ili pawe shamba, upande mwingine wanaondoa mashamba ili pawe pori. Babu yangu alitolewa upande mmoja, akaja kuzeekea upande mwingine. Na mimi nimezaliwa hapa, mtoto wa mji wa karanga, sijawahi kuonja hata karanga moja ya Nachingwea.

NYOKA ANA BEI

Babu alipokuwa kijana alimfuata mjomba wake aliyekuwa na biashara ndogo Newala. Kama hujafika Newala, panda gari upitie Nanyamba na Tandahimba. Mji uko ukingoni kabisa mwa uwanda wa juu wa Makonde. Nenda mahali panapoitwa Shimo la Mungu, usimame, utazame chini. Bonde la Ruvuma lote liko miguuni pako na ng'ambo ni Msumbiji. Mimi niliposimama pale mara ya kwanza nilisahau hata kupiga picha.

Huko ndiko Ionides alikohamia baada ya kustaafu katikati ya miaka ya 1950. Wenzake wakistaafu walirudi kwao Uingereza kunywa chai. Yeye alichagua Newala kwa sababu moja ambayo ingekufanya wewe uikimbie Newala: nyoka. Kwenye mikorosho, miembe na vichaka vya uwanda wa Makonde yupo nyoka wa kijani kibichi anayekaa juu ya miti, ambaye Wazungu humwita mamba. Usimchanganye na mamba wetu wa mto Ruvuma, huyu hana miguu ila sumu yake inatosha. Yupo pia yule mnene mwenye madoa kama zulia, ndugu yake kifutu, ambaye unaweza kumkanyaga ukidhani ni majani makavu.

Jina likabadilika. Bwana Nyama akawa Bwana Nyoka. Alikamata nyoka kwa maelfu akawapeleka kwenye majumba ya makumbusho, bustani za wanyama na kwa wataalamu wa ng'ambo, akiwemo Arthur Loveridge wa Chuo Kikuu cha Harvard. Mpaka leo kuna kiumbe cha Liwale kinachoishi udongoni, jamaa ya mijusi lakini hakina miguu, kwa jina la kisayansi kinaitwa Loveridgea ionidesii. Yaani majina ya wazee wawili wa kizungu yamembana mnyama mmoja asiyezidi mnyoo! Mwandishi wa Uingereza, Margaret Lane, alikuja kuishi naye huko Newala, na mwaka 1963 akatoa kitabu juu yake.

Na nyoka alikuwa na bei. Ukimwona nyoka, usimuue. Kimbia ukapeleke habari, na nyoka akipatikana unalipwa. Vijana wa Newala waliacha kutembea wakiangalia wasichana, wakawa wanatembea wakiangalia miti.

Babu alipeleka habari mara moja. Yeye na mwenzake walimwona wa kijani amejinyoosha kwenye mwembe. Mwenzake akabaki kulinda, babu akatimua mbio. "Alikuja mzee mwembamba, nguo zimechoka kuliko zangu," anasema. "Nikamjua. Ni yule yule Bwana Nyama wa Liwale. Nilipokuwa mtoto tulikuwa tukimwona anapita na watu wake, tunajificha."

Wasaidizi walikuwa na miti mirefu sana yenye koleo kwenye ncha. Mmoja akapanda mwembe, wengine wakabaki chini wanaelekeza. Nyoka akabanwa, akateremshwa, Bwana Nyoka akamkamata nyuma ya kichwa kama wewe unavyokamata kuku wa sikukuu, akamtia kwenye sanduku. Hakupiga kelele wala hakutabasamu. Mzee huyo alikuwa amegongwa na nyoka mara kadhaa maishani mwake na bado anarudi.

Babu akapewa shilingi zake.

"Hukumwambia?" nikamuuliza. "Kwamba nyie mlitolewa kule Liwale?"

"Nilikuwa na shilingi mkononi, mjukuu wangu. Na yeye alikuwa na nyoka."

Tukacheka, halafu tukanyamaza. Mimi nilikuwa na hasira, yeye hana. Hilo ndilo lililoniudhi zaidi. Nikamwambia mtu yule ana vitabu, ana kiumbe chenye jina lake, na aliyepanda mwembe nani anamkumbuka? Babu akasema: "Mimi namkumbuka. Alikuwa anapanda vizuri sana."

KABURI

Ionides alikuwa mvutaji wa kutupwa. Uzeeni miguu ilimwangusha, akakatwa mguu, na mwaka 1968 akafia Nairobi. Lakini hakuzikwa Nairobi wala Uingereza. Alirudishwa Kusini akazikwa ndani ya Selous, chini ya mlima Nandanga. Ndivyo alivyotaka, alale kwenye pori alilolipigania.

Nilipomsomea babu habari hiyo, alikaa kimya muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akasema: "Basi yeye yuko kule."

Nikaelewa. Wazazi wa babu walizikwa kwenye kijiji kipya walikohamishiwa. Lakini babu zake, wale waliopona Majimaji, wako ndani. Ndani ya hifadhi. Huwezi kwenda kufagia kaburi bila kibali, na hata ukipewa kibali utafagia wapi, pamekuwa msitu. Mgeni aliyetoka Uingereza ana kaburi linalojulikana. Wenyeji hawana hata kijiwe.

Hapo nikataka kuichana fomu. Kweli kabisa. Nilikuwa nimeishika.

Lakini ngoja, nami nina upande wangu, maana nimekwambia uwe hakimu. Nikamweleza babu mambo ya baadaye. Selous iliwekwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1982, eneo lake karibu kilometa za mraba 50,000. Mwaka 1976 ilihesabiwa kuwa na tembo karibu 110,000. Mwaka 2013 wakahesabiwa tena: kama 13,000 tu. Wengine wako wapi? Wameuzwa pembe. Na waliowaua si wakoloni, wakoloni walikwisha ondoka. Ni bunduki za siku hizi, na kwenye dili hizo vijana wa rika langu wamo, wanalipwa hela ya kununua pikipiki, mkubwa ananunua jumba. Mwaka 2014 hifadhi ikaingizwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini. Mwaka 2019 sehemu kubwa ikakatwa ikawa Hifadhi ya Taifa ya Nyerere.

"Babu," nikasema, "mlitolewa ili tembo wakae. Sasa na tembo wakiisha, nyie mtakuwa mlitolewa kwa ajili ya nini?"

Naapa sikupanga kusema hivyo. Lilinitoka tu. Babu aliniangalia kama ananiona kwa mara ya kwanza toka nimalize shule.

"Hilo ni swali," akasema.

Tukaishia hapo siku hiyo. Bibi alitoka akasema ming'oko inapoa na nyie mnaongea habari za nyoka usiku, mnataka waje?

UAMUZI

Asubuhi yake babu aliniita kabla sijatoka. Hakuniambia niende, hakuniambia nisiende. Aliniuliza kama kule kwenye mafunzo watatufundisha kusoma nyayo au watatufundisha bunduki tu. Nikamwambia nadhani vyote. Akasema wale askari wa Bwana Nyama walikuwa wanaanza na nyayo, bunduki baadaye.

Kisha akachukua kijiti akachora chini, kwenye mchanga wa uani kwetu hapa Chikongola. Mto. Kilima. Njia ya zamani. Na alama tatu.

"Miembe," akasema. "Miti mingine mtaiona mnafikiri ni pori. Lakini mwembe haujipandi wenyewe, tena mitatu kwa mstari. Ukiiona, jua hapo palikuwa na nyumba. Ukipewa kazi upande huo, ukafika, simama kidogo. Husemi kitu. Unavua kofia tu."

"Na mbwa?" nikamtania.

"Mbwa naye umpe salamu zake," akasema, na safari hii alicheka yeye kwanza.

Nilipiga picha ule mchoro kwa simu kabla kuku hawajaupitia. Fomu niliipeleka siku hiyo hiyo. Kuna vyuo vya kazi hiyo, kama Pasiansi kule Mwanza, na wanaoomba ni wengi kama siafu, kwa hiyo wewe usianze kunipigia saluti. Nikikosa, utaendelea kunisoma hapa. Nikipata, basi nitakuwa Bwana Nyama wa kwanza katika ukoo wetu anayejua jina la mtu aliyetolewa mahali anapopalinda.

Hiyo ndiyo kesi yangu, mpenzi msomaji. Mshikaji wangu wa bodaboda anasema nimefanya la maana. Dada yangu anasema nimemsaliti babu. Babu mwenyewe amenyamaza, ila jana nilimkuta barazani anamweleza mtoto wa jirani namna ya kutofautisha nyayo za fisi na za mbwa. Wewe unasemaje? Niandikie kupitia gazeti hili. Tuonane wiki ijayo, na ukimwona wa kijani kwenye mkorosho wako, mpishe tu. Siku hizi hakuna anayelipa.